Saa Nne ya Nani

Joubert Park,
Johannesburg,
Jumanne, 11 Februari 2025

Mpendwa dada Najma,

Assalamu alaikum. Kwa heshima zote, na mbele ya ukoo mzima wa Ujiji, natangaza kwamba kipenga cha timu yetu kimepatikana. Kilikuwa ndani ya kopo la chumvi, jikoni kwa mwanao Bakiri. Kinalia kama zamani, ila ladha imebadilika.

Baada ya tangazo hilo, nikuulize hali. Magoti yanasemaje? Presha je, umeacha kuipima kwa jirani asiyejua kuisoma? Mawese na dagaa vimefika salama. Dagaa wamepungua kidogo. Nadhani wengine walishuka Tunduma. Mimi sijambo, cherehani yangu haina neno, macho ndiyo yanataka miwani.

Sasa la mwanao, maana najua hizi salamu umeziruka. Kwanza uliambiwa amekufa, kisha ukaambiwa amepooza, kisha simu ikakatika. Ndiyo maana ukataka barua. Haya, kaa chini. Bakiri yu hai, anakula, anatembea, analinda lile ghala lake usiku kama kawaida. Radi ilimpitia karibu, haikumpiga yeye.

Huku, dada, majira haya kila alasiri mbingu hufanya hasira. Asubuhi kweupe, mchana jua kali, ikifika saa tisa wingu linapanda kutoka magharibi, jeusi kama sufuria ya msibani. Na saa tisa ndiyo saa ya mpira wetu wa Jumapili, pale Bertrams. Jumapili ile ngurumo ilianza mapema. Ruphin, mwamuzi wetu, akatazama juu, akatazama matokeo, yalikuwa sare, akaacha mchezo uendelee. Bakiri alikuwa golini, mkono mmoja kwenye nguzo ya goli, ya chuma. Mlingoti wa taa nyuma yake ukapasuka mwanga. Sikusikia mlio, niliuhisi kwenye meno. Nilipofumbua macho mwanao alikuwa chini, glavu moja imemtoka, midomo inachezacheza bila sauti.

Hapo, dada, nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kukuambia. Sitaki kuyakumbuka.

Hospitali walimlaza, wakampima moyo, kesho yake wakamrudisha. Mkono ulitetemeka siku kadhaa, na sikio la kushoto bado linavuma. Yeye mwenyewe alilouliza kwanza ni kama mpira uliingia.

Mkaza mwanao Gaudence hakulia wala hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: ama saa ya kuanza mpira ibadilishwe, ama Bakiri achague pa kulala. Jioni hiyohiyo kipenga nilichokisahau mezani kwao kikatoweka. Mimi ndiye mtunza vifaa, kwa hiyo nililaumiwa mimi.

Ikabidi mkutano. Tulikaa saluni kwa Jeannine, mke wa mwenyekiti wetu Papa Lambert, Mkongomani wa Lubumbashi, mtu mzuri lakini akishasema jambo huona limekwisha. Wakongomani walitaka saa ibaki mchana, maana ibada yao huisha jua la utosi. Sisi wa Kigoma na Warundi tulitaka asubuhi, kabla wingu halijaamka. Astère, Mrundi wetu wa kiungo, alisema basi tuwe tunasimamisha mchezo tukisikia ngurumo.

Papa Lambert akacheka. "Ngurumo? Hapa inanguruma kila siku. Tutamaliza ligi wakati miye niko na wajukuu!"

"Papa, mtu alianguka," Astère akasema.

"Alianguka, akaamka. Miaka yote tunacheza ile saa, hakuna mutu alikufa."

Gaudence alikuwa amesimama mlangoni, hakualikwa. "Kwa hiyo mnangoja wa kwanza, Papa? Mmeweka na zamu?"

Hata mteja aliyekuwa anasukwa aliinua kichwa. Papa Lambert akajibu kwamba timu si ya mke wa mtu. Bakiri akasimama, na nilipoziona ngumi zake nikajua timu inavunjika palepale, Wakongomani huku, sisi kule, na wewe ungeniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamshika shati. Ni shati nililolishona mimi, nilijua halitachanika.

Ndipo Astère akasema taratibu, "Tuanze saa nne. Si mapema sana, na radi haitatukuta."

Nilingoja Papa Lambert alipuke. Akafikiri, akapiga kiti cha saluni kofi. "Saa nne? Hiyo ni akili! Saa nne, sharp!"

Tukapeana mikono. Gaudence akamwamkia Papa Lambert. Mimi nikasema moyoni, tazama, huyu bwana amekubali kuacha ibada yake kwa ajili ya kipa Mwislamu, kweli Mungu hugusa mioyo. Baadaye nilijua naye alikuwa anasema vilevile juu yetu, kwamba tumekuwa waungwana ghafla.

Umeshaelewa, dada? Mimi sikuelewa. Wenzetu wa Lubumbashi husoma saa kama ilivyoandikwa ukutani. Kwao saa nne ni pale mshale mfupi ulipo kwenye nne, ndiyo saa kumi yetu ya alasiri. Sisi saa nne yetu ni asubuhi, chai ya pili. Mimi fundi nguo, ambaye kila wiki nagombana na mteja aliyekuja kuchukua gauni wakati si wake, nilikaa mkutano mzima nisiulize ni saa nne ya nani.

Basi Jumapili hii iliyopita, asubuhi, tulikuwa uwanjani nusu timu. Kweupe kabisa. Bakiri alitoka kazini moja kwa moja, macho mekundu, akavaa glavu, akasimama golini. Wapinzani hawakuonekana, kwa kuwa aliyewapa saa ni Papa Lambert. Tulingoja mpaka Bakiri akasinzia amesimama, ameegemea nguzo ileile. Tukamwambia akalale. Tukatawanyika tukiwatukana wenzetu kwa lugha zote.

Alasiri simu yangu ikalia. Papa Lambert. "Muko wapi, bantu wangu? Inabaki dakika makumi tatu kwa saa nne!"

"Saa nne ilipita, Papa! Tulikuwepo!"

"Ilipita wapi? Miye niko naiangalia hapa!"

Hapo ndipo tukaelewana, kila mtu upande wake wa simu. Kisha akasema, "Eish. Lete kipa."

Nikatoka kumwita Bakiri, maana simu yake ilikuwa imezimwa. Nani aliizima sijauliza. Wingu lilikuwa limeshapanda juu ya maghorofa, lile jeusi, na upepo unasomba mifuko ya plastiki barabarani. Nilifika mlangoni kwao. Gaudence alikuwa kwenye korido anachambua mchele, akaniangalia. Ndani nilisikia mwanao anakoroma. Nilikuwa nimekwishainua mkono nibishe hodi. Nikakuona wewe, dada, na ile simu iliyokatika. Nikamsalimia mkweo, nikamuuliza mchele wa wapi, nikashuka ngazi.

Mchezo ulianza bila kipenga, Ruphin alipuliza vidole. Golini wakamweka Joël, shemeji yake Papa Lambert, ambaye tangu tuunde timu kazi yake ni kulinda mabegi. Ngurumo ilipiga mara ya kwanza, kila mtu akainama. Astère akatazama ule mlingoti. Mimi nilikuwa nasoma dua mstarini huku nimeshika bendera, sijui ilikuwa offside ngapi.

Wingu likaenda Pretoria. Halikudondosha hata tone.

Jana Gaudence alinirudishia kipenga, kimefungwa kwenye leso, kingali na chumvi ya kopo lake, bila maelezo. Bakiri hasemi na mimi kwa kuwa sikumwamsha, ila nguo za kupunguza kiuno ameniletea, kwa hiyo tutapatana. Papa Lambert ameitisha mkutano mwingine wa kubadili saa, na safari hii ataandika kwa tarakimu.

Nisalimie kaka Shehe, mwambie redio yake naitafutia spea. Msalimie mama Nassir na watoto wote wa ua wetu. Mwenyezi Mungu akupe magoti yasiyouma na usiku usio na simu za kutisha.

Ni mimi nduguyo nikupendaye hata mtandao ukikatika,

Idrisa

Nimesahau: mkutano umefutwa. Bakiri hakutaka nikuandikie matokeo, lakini tulishinda moja bila, hivyo Papa Lambert hataki tena saa iguswe, na Joël ndiye kipa sasa.