Jiwe la Boma Letu Halipo Ukutani

Mpendwa Shangazi Bhoke,

Shikamoo. Nakuomba, kabla hujaendelea na mstari unaofuata, hakikisha uko peke yako. Usimpe mtu akusomee, hata Ghati binti yako, hata kama miwani inakusumbua. Soma mwenyewe polepole. Ukimaliza usiifiche barua hii ndani ya Biblia, maana huko ndiko kila mtu anakoanza kutafuta karatasi za mama mtu mzima. Itie motoni. Haya ninayokuandikia Mchungaji hayajui, baba hayajui, na ikijulikana kwamba nimeyaandika, sidhani kama nitaweza kukaa tena hapa Itiryo.

Aliyekuletea ni mama wa ndizi anayevuka mpaka kila wiki. Hajui kusoma, ndiyo maana nilimchagua. Hata hivyo nimeigundisha bahasha kwa ugali pande zote nne. Ukikuta imefunguliwa, nijulishe.

Sijui kama unakumbuka jinsi ulivyonifundisha kusoma. Wengine hudhani nilianzia shule ya msingi. Mimi nilianzia kwenye ukuta wa kanisa. Wewe ulikuwa mhudumu mwenye ufunguo, nami nilikuwa nakufuata kila Jumamosi ukienda kufagia. Ukichoka, ulikuwa unakishika kidole changu na kukipitisha juu ya alama zilizochongwa kwenye mawe. "Huyu wa nani?" ulikuwa unaniuliza, kana kwamba jiwe ni ng'ombe aliyesimama mbele yetu. Mistari miwili na pembe, boma la kina Marwa. Duara lenye mkia, boma la kina Wambura. Nikikosea ulikuwa unacheka: "Mura, kijana wangu, ukichunga hivyo utarudi jioni na ng'ombe wa watu!"

La kwetu lilikuwa kwenye chumba cha Mchungaji, nyuma ya kabati la majoho, usawa wa kiuno chako. Pembe moja na nukta tatu. Ulikuwa unasukuma kabati kwa bega, unaweka kiganja juu ya jiwe na kuniambia, "Huyu ni wetu. Msalimie babu yako." Nami nasema, shikamoo babu. Kisha unaitikia wewe kwa sauti nzito, "Marahaba, umekula?"

Habari za Mskoti aliyejenga kanisa letu nilizipata kwako kabla sijazisoma popote. Kwamba alikuja kwa miguu kutoka upande wa Kenya, amebeba Biblia, na mfukoni timazi, ile kamba ya waashi yenye uzito wa risasi, na kila alipofika kwenye nyumba ya mtu aliitoa ile timazi akapima ukuta kabla hata hajasalimu, mpaka watu wakamwita Bwana Timazi. Kwamba alitaka kujenga kanisa linalofanana na lile la kwao alikobatizwa, lenye madirisha membamba na paa lililosimama kama mgongo wa mbuzi anayepanda mlima. Babu akamuuliza paa kali vile ni la nini. Akajibu kwamba kwao huanguka theluji, na paa likiwa limelala, theluji hulivunja.

"Na hiyo theluji itafika huku lini?" babu akauliza.

"Haitafika."

"Basi paa la nini?"

Bwana Timazi akafikiri, akasema hajui kuchora paa lingine. Wakalijenga hivyo hivyo. Ulikuwa unapenda sana kulimalizia hapo, kisha unanionyesha ndoo za akina mama zilizopangwa chini ya upenu, maana hakuna paa katika kata yetu linalomwaga maji upesi kama lile.

Kisha mawe. Kila boma lilitoa mawe yake, likayavuta kwa maksai kutoka kilima cha Nyasaricho. Mskoti alitaka nyuso za mawe ziwe laini. Wazee wakakataa. Jiwe likitoka bomani bila chapa, walisema, ni sawa na ng'ombe aliyepotea. Nani atajua ni nani aliyemtoa? Wakachonga chapa zao zile zile za mifugo. Yeye akakasirika siku mbili, siku ya tatu akarudi anacheka. Alikuwa amekumbuka kwamba kwao pia mafundi waashi huchonga kila mmoja alama yake, na kanisa la kwao limejaa alama hizo ambazo waumini hawazioni tena. Ndipo akaanzisha Kitabu cha Mawe: chapa, jina la boma, na mahali jiwe lilipokaa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana hata kama nawashuku wengine, mlango niliufungua mimi.

Mwaka huu Mchungaji aliniambia, mimi karani wake, niandike historia ya kanisa, niisome siku ya kumbukumbu ya kuwekwa wakfu. Shangazi, nilijivuna. Nilinunua kalamu mpya. Nilinakili Kitabu cha Mawe, nikapanga habari ya Bwana Timazi, paa, maksai na chapa, nikasimama mbele ya watu na shati la kukopa. Walicheka pale pa theluji. Nikasoma kwa sauti kubwa: "Mawe yote ya jengo hili yalitoka kilima cha Nyasaricho." Nikainua macho nipate kufurahia nyuso zao. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Kanisa zima lilikuwa linatazama kuta.

Wewe umeondoka hapa kabla mambo hayajakolea, hujaona Nyasaricho ilivyo sasa. Kilima chote kimetobolewa kwa ajili ya dhahabu. Kuna maduara, mashimo ya wachimbaji, yanayoshuka mpaka mtu akiita kutoka chini husikii jina. Watu wametoka Geita, Kahama, hata huko kwenu Migori, na karasha zinasaga mawe mchana kutwa mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Jiwe leupe lenye mshipa wa kutu, ambalo wewe ulikuwa unalipangusa vumbi kwa kitambaa, ndilo wanalolifia kule chini. Na mimi nikasimama madhabahuni nikawatangazia kwamba kanisa letu limejengwa kwa jiwe hilo hilo.

Tangu Jumapili ile hakuna anayekaa viti vya katikati. Mama Robi, aliyechukua kazi yako ya kufagia, aliniambia, "Karani, waumini wa siku hizi wana kiu ya neno. Wote wanasali wameegemea ukuta." Akanionyesha unga mweupe aliouzoa sakafuni. Mtu alikuwa amekwangua kwa funguo wakati wa maombi. Watu nisiowajua wanakuja mchana kuomba wamwone Mungu kwa faragha, na mmoja alipopiga magoti, nyundo iliyokuwa mfukoni mwake ikagonga sakafu. Mwita, yule mwenye karasha tatu, hapindishi maneno. Alinikuta langoni akanipiga begani.

"We mura, nyie mnaita kanisa. Mimi naona duara lililosimama."

"Mzee Mwita, hii ni nyumba ya Mungu."

"Nani amekataa? Mungu hana kwingine pa kukaa? Tutamjengea ya tofali za kuchoma, na bati la rangi. Hilo paa lenu la kutisha ndege nitalibeba bure."

Wote waliokuwa naye walicheka. Nami nikacheka, Shangazi, kwa woga.

Lakini simwogopi Mwita kama ninavyomwogopa Mzee Marwa, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Yeye hacheki. Amekuja ofisini mara nne kutaka Kitabu cha Mawe kikae kwake. "Wewe bado kijana, mura," ananiambia, "unaweza kuugua." Sikuwa naumwa. Tangu siku hiyo nachunguza hata chai ninayopewa. Kitabu nimekihamisha, na hata kwako siandiki kilipo.

Katika kikao cha wazee alisimama akasema jambo ambalo limewaingia watu wengi. Alisema sisi sote tunajua mtu akipeleka ng'ombe wake akafugwe kwenye boma la mwenzake, ng'ombe yule ana chapa ya mwenyewe na siku yoyote anaweza kurudi zizini kwake. Basi wazee wetu walipochonga chapa, waliyaweka mawe yakae kwa Mungu kwa muda, hawakuyatoa moja kwa moja. Mwenye chapa akitaka chake, nani wa kumzuia?

Mchungaji akajibu kwamba miaka yote hii, njaa zimepita, magonjwa yamepita, na hakuna boma hata moja lililokuja kudai jiwe lake. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba yalitolewa. Wakakubaliana hivi: Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi, kila boma litasimama mbele ya jiwe lake, nami nitasoma kitabu mstari kwa mstari. Mawe yote yakiwepo, wazee wataapa kwamba ni ya kanisa daima, na Mwita apeleke karasha zake mbali. Likikosekana hata moja, basi kuna boma lililokwisha kuchukua lake, na mengine yana haki ileile. Unajua watu wetu. Boma moja likianza, kufikia Jumatatu hakutakuwa na ukuta wa kuegemea.

Kwa hiyo Jumanne mchana nilikwenda kuhesabu kwanza, peke yangu, mlango nimeufunga kwa ndani. Nilipita kila alama, na kila moja ilikuwa mahali pake. Nilianza kupumua. Mwishoni nikaingia chumba cha Mchungaji, nikasukuma kabati.

La kwetu halipo.

Pamezibwa kwa udongo na vipande vya tofali, juu yake pamepakwa chokaa. Si kazi ya mwizi mwenye haraka. Chokaa imepakwa kwa kupandisha brashi kutoka chini kwenda juu, mkono mmoja mmoja, taratibu. Mimi namfahamu mtu mmoja tu anayepaka chokaa hivyo.

Nilikaa sakafuni. Nikaanza kukutetea ndani ya kichwa changu kama wakili. Labda ni Mzee Marwa; aliazima ufunguo wakati wa kutengeneza dari. Labda ni Mama Robi. Labda ni baba, aliyesaidia kuhamisha kabati mwaka juzi. Nilimshuku hata baba yangu, Shangazi, na jioni nilikula naye chakula sahani moja nikitazama kucha zake kama zina chokaa. Nilijishuku na mimi, kwamba labda niliacha mlango wazi. Lakini kila nikimaliza kuwazunguka wote narudi kwako. Funguo za chumba kile zilikuwa mbili, wa Mchungaji na wako. Uliondoka ghafla, hukungoja hata ibada ya kukuaga, ukasema Ghati amelazwa hospitali na hali ni mbaya. Baada ya mwezi tukasikia amepasuliwa na amepona. Tulipiga magoti hapa nyumbani tukashukuru. Hakuna aliyeuliza pesa zilitoka wapi.

Sasa nauliza mimi, na naona aibu kuuliza. Ghati ni dada yangu. Kama ulilitoa kwa ajili yake, sijui kama nina neno la kukulaumu. Lakini ungeniambia. Uliniachia ufunguo mkononi, ukanikumbatia, ukasema, "Yatunze kama ng'ombe wako," na labda saa ile ukuta ulikuwa tayari una tundu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko jiwe lenyewe.

Nikuungamie jingine. Jumatano nilichukua jiwe la mtoni linalolingana na lile tundu, nikajaribu kuchonga pembe moja na nukta tatu. Nilifika nukta ya pili. Lilikuwa linafanana vizuri kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa, nikalirudisha majini. Kama naweza kumdanganya kila mtu kuhusu jiwe moja, kitabu chote nitakachosoma Jumamosi kitakuwa na thamani gani?

Nimeamua hivi. Sitaanza na boma la kina Marwa kama kitabu kilivyopangwa. Nitaanza na letu. Nitasoma jina la babu mbele ya watu wote na kusema jiwe halipo, kabla mtu mwingine hajasukuma lile kabati. Sijui kitakachofuata. Huenda wataona aibu, huenda wataleta mitaimbo. Lakini nikishasema halipo, wataniuliza limekwenda wapi, na kwa hilo sina jibu mpaka nisikie kwako. Kama limeibwa nitasema limeibwa. Kama tumelichukua sisi, nitasema sisi, nitawaomba radhi kwa niaba ya boma, na jina lako sitalitaja.

Usijibu kwa anwani ya kanisa. Barua zote hupita kwa Mzee Marwa, naye hufungua. Usitume salamu kwa baba. Ijumaa, siku moja kabla ya kuhesabu, nitakuwa gulioni Sirari upande wa wauza dagaa, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Sitavaa shati la kazini, nitavaa sweta la kijani. Kama jiwe bado unalo, mtume Ghati nalo ndani ya kikapu, na juu yake aweke mboga. Kama limekwisha kusagwa, mtume Ghati mikono mitupu. Asiseme kitu, anisalimie tu apite, nitaelewa, na nitafurahi kumwona anatembea.

Lakini kama hukulichukua, Shangazi, usimtume mtu. Njoo mwenyewe, nikuombe msamaha uso kwa uso.

Mtoto wa kaka yako,
uliyemwachia ufunguo.