Bahati, Nimemwogesha Mzee wa Kule Juu

Mdogo wangu Bahati,

Simu yako haipatikani tangu ulipoondoka, na watu wanaotoka mpakani kila mmoja ana habari yake. Mmoja anasema alikuona Uvira ukipakua magunia. Mwingine anasema ulishapanda milimani pamoja na vijana wanaobeba bunduki. Sina pa kuituma barua hii, ndiyo maana nakuandikia hadharani. Yeyote atakayeisoma na anakujua, akuambie yaya wako, dada yako mkubwa, anakutafuta.

Tangu uende, situlii. Naloweka nguo kisha naziacha kwenye beseni, naenda kuchota maji, nafika bombani nakuta sikubeba kidumu. Majirani hapa Rubondo wameshanizoea. Wakiniona nimesimama njiani natazama barabara, wananisalimu na kupita.

Unamkumbuka baba siku za Jumamosi, kule kwetu? Watu walimwita mhubiri, lakini alifagia kanisa kwa mkono wake mwenyewe, na mimi na wewe tulitoa benchi nje tukazipiga chini ili kunguni waanguke. Wewe ulikuwa unaitamani ngoma. Siku aliyokuruhusu kuipiga kwenye ibada, uliukimbiza wimbo mpaka wamama wakawa wanaimba wakihema. Mzee mmoja akataka kukunyang'anya vijiti. Baba akasema, "Muache. Mungu anasikia hata benye bako nakimbia." Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Na unakumbuka siku aliyokwenda kuchimba mihogo, wakati wakulima na wafugaji wa kule juu walikuwa wameshaanza kuuana, asirudi. Tulimkuta sisi wawili, kando ya mto. Ulivua shati lako ukamfunika uso. Hatukupata hata nafasi ya kumwosha, tulizika haraka tukakimbia. Sitaeleza zaidi. Nataka tu ujue kwamba sijasahau shati lile lilikuwa la rangi gani.

Tulipofika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, tukapewa kiwanja na turubai huku Rubondo, Jumapili ya kwanza ulikuwa wewe uliyenivuta kutafuta Wamethodisti wenzetu. Tukawakuta kwenye kibanda cha miti, na Mama Mchungaji Nyota akatuuliza majina ya wazazi wetu kabla ya kutuuliza kitu kingine. Miaka yote tangu siku ile ulikuwa mpiga ngoma wao. Ulikuwa umeanza kucheka tena.

Kisha upepo ukaling'oa paa la kanisa la wafugaji wa kule juu, nao wakimbizi hapa hapa, ng'ambo ya kilima chetu. Mama Mchungaji akasimama mbele yetu akasema kwamba wataabudu pamoja nasi mpaka wapate mabati. Ukasimama na wewe.

"Mama Mchungaji, mi siwezi kuimba na batu benye baliua baba yangu."

"Bahati, ikala, tuongee," akasema akikuonyesha benchi.

"Niikale na nani?"

Ukaacha ngoma pale chini, ukatoka. Nilikufuata mpaka kwenye barabara. Ulikuwa unatembea upesi, hukugeuka, ukaniambia tu, "Yaya, rudia. We unaweza. Mi siwezi." Wiki ile ile nikaamka nikakuta umekunja godoro lako vizuri, kama mgeni anayeaga.

Nilikwenda kwa Mama Mchungaji nikiwa na hasira. Nilitaka kumwambia kwamba kwa ajili ya watu wake wapya nimempoteza ndugu yangu, na kwamba mimi pia natoka. Nikamkuta anahangaika kufunga vidumu vya maji kwenye baiskeli, anampelekea bibi mmoja kipofu anayeishi peke yake. Baiskeli ilikuwa inaanguka. Akasema, "Neema, nishikie kwanza." Nikashika. Tukaisukuma mpaka kwa yule bibi, tukamwaga maji kwenye pipa, bibi akaomba tumwimbie, tukaimba. Niliporudi nyumbani nilikuwa bado na hasira, lakini nilikuwa nimechoka, na jioni ile nililala usingizi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kikundi cha kutembelea wagonjwa. Wengine katika kikundi wanasema waliitwa. Mimi nilishika baiskeli. Tulikandika nyumba ya mjane, tulivuna maharage ya mama aliyetoka kujifungua, tulikaa na waliofiwa. Kazi ile ilinifaa kwa sababu haikuniacha nikae nikusubiri.

Ndipo Mama Mchungaji akatuambia kuna mgonjwa wa hapa kambini aliyepelekwa hospitali kubwa ya Mbarara, na hana gardimaladi wa kumuuguza. Wewe unajua mambo ya kule. Wauguzi wanatoa dawa na sindano, lakini kumwosha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, hiyo ni kazi ya watu wake. Asiye na mtu analala jinsi alivyo. Akauliza nani anaweza kwenda. Nikainua mkono kabla ya kuuliza mgonjwa ni nani, kwa sababu Mbarara ni mbali, na nilitaka kuwa mbali.

Nilifikia Ruti, mtaa wa Mbarara, kwa Mama Kemigisha, Mnyankore wa kanisa letu la pale. Mume wake ni askari wa Makenke, na Kiswahili chake alikiokota huko huko kambi ya jeshi. Alinifungulia mlango akasema, "Wewe dada ya Nakivale? Ingia. Kwanza kula, maneno iko baadaye." Kila asubuhi aliamka mapema akapika bushera, uji wao wa mtama, akaujaza kwenye chupa ya chai ili nimpelekee mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa mzee mrefu, mwembamba, miguu yake ikipita mwisho wa kitanda. Alikuwa amevunjika nyonga, ndama alimvuta kwa kamba akaanguka. Aliponisalimu tu nikajua ni wa wale wafugaji wa kule juu. Bahati, hata wewe ungejua, kwa namna anavyoyavuta maneno. Jina lake ni Mzee Sebagabo. Akaniuliza, "Mutoto wangu, kwenu ni fasi gani?"

Nikamtajia kijiji chetu.

Akafumba macho. "Napajua. Tulikuwa tunapitisha ngombe pale chini, ku muto."

Nilichukua mfuko wangu na ile chupa, nikatoka. Nilipita lango la hospitali, nikatembea mpaka mahali magari ya kurudi huku yanapopakia. Nilikuwa nimeamua. Kondakta akaniambia nimkabidhi mizigo, nikamkabidhi mfuko, akanyoosha mkono achukue na chupa. Ilikuwa bado ya moto. Nikaona kwamba ule uji si wangu. Mama Kemigisha hakuamka alfajiri kunipikia mimi, na yule aliyepikiwa alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Ni hilo tu, mdogo wangu. Sitakudanganya kwamba nilisikia sauti. Nilimwomba kondakta mfuko wangu, akanitukana, nikarudi.

Mzee akanitazama. "Nilifikiri umerudia kwenu."

"Nilikuwa narudia."

"Sasa ni nini ilikuleta tena?"

"Ni bushera."

Akacheka, na kicheko kikamuumiza nyonga, akashika kitanda. Nikamnywesha. Kisha nikatafuta maji na sabuni, nikavuta kipande cha kitenge kuwazuia watu wasione, nikamwogesha. Aligeuza uso ukutani kwa aibu, kwa kuwa mimi ni wa umri wa binti yake. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupata vidonda vya kulala bila kugeuzwa. Nilipofika mabegani nililia, nikaosha huku nalia, na hakuniuliza sababu. Nilikuwa namfikiria baba. Nilimkasirikia yule mzee kwamba yeye ana mtu wa kumwosha. Na mtu mwenyewe ni mimi.

Nilikaa naye mpaka alipoanza kusimama na magongo. Hatukuongea mengi. Siku moja namkata kucha, akauliza nani nimemwacha nyumbani.

"Niko na mdogo wangu. Lakini alirudia kule."

"Alirudia kufanya nini?"

Nikashika kidole kingine.

"Wangu pia alirudia. Fideli, wa mwisho. Na ye pia hakuniambia ni kufanya nini."

Bahati, wakati ule nilielewa kitu ambacho tangu hapo hakiniachi nile vizuri. Watoto wetu wawili wako kwenye milima ile ile, na kila mmoja amekwenda kwa ajili ya waliokufa upande wake.

Akasema, "We ni wa kanisa. Utuombee bale batoto."

"Nitamuombea Bahati."

"Na Fideli?"

Nilijaribu. Nakuapia nilifungua mdomo, na jina halikutoka. Kisha akaweka mkono wake juu ya ukucha niliokuwa sijamaliza kukata, akaanza kuomba yeye mwenyewe, kwa lugha ya kwao. Sikuelewa maneno. Niliyoelewa ni jina moja tu, na lilikuwa lako. Alianza na wewe. Alikutaja tena na tena kabla hajafika kwa mtoto wake. Alipofika kwa Fideli sauti ikamkatika, na mimi nikaendelea mahali alipoachia.

Niliporudi Rubondo, wale jamaa wa ng'ambo walikuwa wanaabudu nasi, wamekaa upande wao, sisi wetu. Ukafika wakati wa maombi ya waumini, nikasimama, nikaomba kanisa liwaombee Bahati na Fideli pamoja. Nikaeleza Fideli ni nani. Baba Wilondja, kiongozi wa darasa letu la waumini, yule aliyekuwa anakupa mkate kila tukitoka kwenye mkutano, akasimama na yeye.

"Neema, unataka tuombee mutu mwenye anaweza kuwa anamulenga mdogo yako sasa hivi?"

"Ndiyo, Baba. Na tuombee Bahati, mwenye anaweza kuwa anamulenga ule."

Baba Wilondja alichukua kofia yake, akatoka, na watu wa nyumba yake wakamfuata. Alizika watoto kule, wewe unajua. Mama Mchungaji anamtembelea kila wiki, na mimi nilikwenda, akanipa kiti, akanipa chai, akasema hana ugomvi na mimi ila hatarudi. Njiani nilijiuliza kama si yeye mwenye haki. Bado najiuliza. Kuna siku naimba na wale watu, na katikati ya wimbo natoka nje nasimama nyuma ya kanisa mpaka wimbo uishe. Kuna mama mmoja wa kwao naye hutoka. Tunasimama pale, kila mtu anatazama upande wake, kisha tunarudi ndani.

Mzee Sebagabo sasa yuko kwake, upande wa juu wa barabara. Kwa sababu hawezi kuchuchumaa, wanaume wa makanisa yote mawili walimchimbia choo, fundi mmoja wa kwetu akamtengenezea kiti cha mbao juu yake. Walichimba siku nzima karibu bila kuongea. Kufikia jioni walikuwa wanabishana juu ya upana wa shimo, na mimi nilifurahi kusikia wanabishana juu ya shimo. Wamama tunapokezana kumpelekea chakula. Zamu yangu ikifika naenda mapema, na kuondoka nachelewa.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wiki iliyopita nilikuwa kwake namenya viazi, simu yake ikalia kwa namba asiyoijua. Alikuwa Fideli. Mzee alishika simu kwa mikono miwili. Waliongea kwa lugha yao, kisha nikasikia anageuza anasema Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Dada moja alininawisha ku hospitali, akanilisha. Ni wa kule chini, ku muto. Baba yake alikuwa muhubiri. Iko na mdogo yake huko, anaitwa Bahati. Umesikia hilo jina? Bahati. Ukimukuta, usimuguse."

Kisha Fideli akauliza kitu, mzee akanitazama.

"Anauliza, ule Bahati iko namna gani."

Nilijifuta mikono. Nikaeleza. Mfupi, mabega mapana, ana pengo la jino mbele, akifikiri anapiga vidole kwenye kitu chochote kilicho karibu. Mzee akayasema yote kwenye simu, moja baada ya moja. Kisha simu ikakatika, na mpaka leo haijalia tena.

Kwa hiyo sasa yeye anakujua, Bahati, na wewe humjui. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Wala sikuandikii umsamehe mtu. Mimi mwenyewe sijui kama nimesamehe, najua tu kwamba naenda pale na chakula na narudi na sahani tupu. Ukipenda, unikasirikie. Urudi unikasirikie hapa.

Ila sikiliza. Nami nilimwuliza mzee juu ya mtoto wake: Fideli ni mrefu kama baba yake. Sikio lake la kushoto limechanika chini, pembe ya ng'ombe ilimpata akiwa mdogo. Akitembea anainama mbele kidogo. Ukimwona mtu wa namna hiyo, mahali popote, hata akiwa ameshika alichoshika, mwite kwa jina kwanza. Mwambie baba yake anatembea na fimbo mpaka mlangoni, na anakula vizuri.

Mungu akutunze huko uliko, mtoto wa mama yangu. Mwite kwa jina.

Yaya wako