Kutu Inapata Kiitikio

Jumamosi, 2 Agosti

Mazoezi kwa Ami, ndugu yake Baba, Kiembe Samaki, kwenye stoo ya nyuma. Ndege zikitua hapo uwanjani tunapiga kwa nguvu zaidi, maana hapo jirani hawezi kujua kelele ni za nani. Mimi besi, rafiki yangu Salma dramu, kaka Nassor gitaa na sauti. Nassor ni mtoto wa Ami. Bendi aliianzisha yeye, akaiita Kutu. Muziki wetu anauita posti-panki: besi mbele, gitaa linakwaruza, maneno yanasemwa kwa hasira, hayaimbwi.

Naupenda. Naliandika hilo kwanza.

Jengine ni kuwa nimetunga sauti ya kiitikio, kitu ambacho watu wanaweza kuimba na sisi. Leo niliwapigia. Salma alicheka kwa furaha. Nassor alichomoa waya wa gitaa, akaenda kunywa maji. Hakurudi.

Jumanne, 5 Agosti

Skuli. Hesabu mbaya, insha nzuri.

Nafikiria onyesho letu la mwezi uliopita, bustanini mjini. Watu waliondoka mmoja mmoja. Hata muuza urojo alihamisha meza yake. Nassor alisema hawajui muziki. Mimi nadhani hatukuwapa pa kushika.

Jioni ameniandikia kwenye simu: "Mkitaka bendi ya kubembeleza, tafuteni mpiga gitaa mwengine."

Nimelia chooni, maji yakimwagika ili Mama asisikie. Nassor ndiye aliyenifundisha besi, kidole kwa kidole. Bila yeye hakuna Kutu. Lakini na sauti yangu siwezi kuisahau. Nimejaribu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kheri kidogo. Rukia, dada yake Salma, anaolewa. Anataka tupige siku ya hina, kwao Jang'ombe. Amemwambia Nassor anataka nyimbo zake kama zilivyo. Nassor amekubali mara moja. Amesema hii ni mara ya mwisho, kisha ataamua kama anabaki. Sote tumefurahi. Sote tumesema ndiyo.

Jumapili, 10 Agosti

Aibu. Nilikuwa nakuna nazi, namhadithia Mama habari za hina. Akaniuliza, "Na Nassor atapigia wapi? Tangu lini siku ya hina anaingia mwanamume?"

Mbuzi nimeiacha hapo hapo. Sote watatu tumezaliwa hapa, tumekulia hapa, na hakuna aliyekumbuka. Hata Rukia mwenyewe, bibi harusi! Mama amecheka mpaka akajifuta machozi.

Nassor nilipompigia simu hakucheka. "Basi nshatoka. Kapigeni tamu yenu."

Salma amempata saa ya magharibi kwa wazo jengine. Ukuta wa ua wao una matofali ya matundu, na upande wa pili ni ua wa jirani. Nassor akae kwa jirani, waya upite tunduni. Amekubali, kwa sababu hajawahi kusikia bendi yoyote iliyopiga hivyo. Ndivyo alivyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike kwa mpango.

Tulianza baada ya alasiri. Wanawake wamevua mabuibui, wamekaa mikekani, hina mikononi na miguuni. Bi Maryam, shangazi yake Salma, aliinama tunduni kumkagua Nassor. "Wewe, geuka! Mgongo huku! Ukiwa na macho kisogoni, shauri yako." Wakaangua kicheko.

Tukapiga wimbo wa Nassor. Maneno niliyasema mimi, kwa hasira, kama anavyoyasema yeye. Wanawake wakatazamana. Bi Maryam akapaza sauti, mikono juu ili hina isifutike: "Mwanangu, mnapiga muziki au mnavunja vikombe?" Kicheko tena. Kisha akauliza bila mzaha, "Na sisi tunaingia wapi?"

Kwetu hakuna mwanamke anayekwenda kwenye hina akakaa kusikiliza tu. Anakwenda kuitikia. Na sisi tulikuwa tumewaletea wimbo usio na mlango.

Nilitazama ukuta. Sikuweza kumwona Nassor, wala kumwomba ruhusa. Nikachukua mstari wake wa mwisho, ule anaoupigia kelele siku zote, nikauweka kwenye sauti yangu ya kiitikio. Nikaimba.

Usinambie ninyamaze,
bado sijasema.

Mara ya kwanza niliimba peke yangu. Mara ya pili na Salma. Baada ya hapo ua mzima. Makofi hawakuweza kupiga kwa sababu ya hina, basi wakakanyaga kwa visigino. Bibi mmoja mzee alifumba macho, akaimba kama mstari ule umeandikwa kwa ajili yake. Rukia alilia, akakatazwa kujifuta.

Hapo gitaa, lililokuwa likitufuata kutoka ng'ambo ya ukuta, likanyamaza.

Nilijua amechomoa waya. Nilikuwa nimechukua maneno yake mbele ya watu. Besi ikawa nzito kama gunia. Nikaendelea, kwani ningefanya nini, wanawake hawakuacha.

Kisha likarudi. Lile lile la kukwaruza, halikulainika hata kidogo. Lakini linangoja. Wanawake wakivuta pumzi, linaingia. Wakianza, linatoka. Hajawahi kupiga hivyo.

Tulipomaliza nilikimbilia kwa jirani. Kiti kitupu. Amekwenda zake, hakuaga.

Jumapili, 17 Agosti

Simu yake imezimwa. Salma anasema tusubiri. Sijui kusubiri vizuri.

Jumatano, 20 Agosti

Bado. Wasichana wawili wa kidato cha pili walikuwa wanaimba "usinambie ninyamaze" kwenye foleni ya maji, skuli. Sijui wameupata wapi. Nilitamani awepo ausikie.

Jumamosi, 23 Agosti

Tulikwenda stoo mimi na Salma, bila matumaini makubwa. Nassor alikuwepo, anabadilisha nyuzi. Nilimwomba radhi kwa kuchukua maneno yake. Alisema bila kuinua kichwa kuwa gitaa lake halitakuwa tamu, nisahau. Nikamwambia sitaki liwe tamu.

Akafikiri. Akasema, "Haya. Ubeti nitausema mimi."

Tukapiga polepole. Kiitikio kilipofika aligeuka ukutani, akaimba na mimi kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia akiimba. Ana haya kidogo kwenye sauti za juu.

Salma alinikonyeza. Hatukumtazama, ili asiache.