Mama Yake Tatu Hayuko Kaliua

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Kwihara

Nimechota maji, nimetwanga, nimemsuka Tatu. Kila nikimsuka anauliza lilelile: mama atarudi lini kutoka Kaliua? Nimejibu nilivyoagizwa. Karibuni. Nikavuta nywele mpaka akalia. Si yeye niliyemkasirikia.

Dada yangu hayuko Kaliua. Yuko makaburini, Tabora mjini, pamoja na kichanga chake, tangu Juni. Shemeji alikataza mtoto asiambiwe. Ana miaka sita, alisema, atasahau. Mimi nililetwa hapa kupika na kusema uongo.

Jumatano, 7 Agosti

Balozi wa nyumba kumi amepita. Tunahamishiwa kijiji cha ujamaa, maili tisa kutoka hapa. Lori linakuja Jumamosi. Atakayegoma nyumba yake itabomolewa. Watu wanalilia mihogo yao iliyo shambani.

Tatu alimfuata balozi mpaka njiani. Akamwamkia shikamoo, akamwomba amwambie mama yake tunakohamia. Mzee mzima akaitikia kwa kichwa. Nimewachukia wote, nikianza na mimi mwenyewe.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemwambia shemeji kwamba nitasema ukweli. Akasema mimi si mama wa mtoto. Ni kweli. Akatoka kwenda kufunga baiskeli yake kamba. Tangu mazishi sijamwona akilia. Na mimi hakuna aliyeniuliza. Mfiwa ni yeye. Mimi mpishi.

Jumamosi, 10 Agosti

Lori lilifika saa tatu. Tatu akakataa kupanda. Alikaa kizingitini, ameng'ang'ania mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Mama akija, alisema, atakuta nyumba tupu. Mgambo walikuwa wameshaanza kuvuta nyasi za paa. Baba yake akageukia ukuta.

Nikachuchumaa mbele ya mtoto.

"Tatu, mama hayuko Kaliua. Mama amekufa."

Hakulia. Alinipiga kofi la uso. Akanitemea mate. Kisha akamkimbilia baba yake, yeye aliyemdanganya, akaficha uso shingoni mwake. Safari nzima alikuwa amepakatwa naye. Mimi nilikaa nyuma na kuku.

Jumanne, 13 Agosti

Vumbi tupu. Vigingi vyenye namba. Kiwanja tumepewa, maji hakuna. Tatu hanisemeshi. Chakula changu hagusi, anakula kwa jirani. Shemeji amesema neno moja tu: umeona. Nimeona. Nimefunga nguo zangu kwenye kanga, narudi kwetu Ntalikwa. Simwombi mtu msamaha.

Ijumaa, 16 Agosti

Sijaondoka.

Asubuhi nilikuwa nakoroga uji. Baridi kali. Tatu akaja, akakaa mbali kidogo na moto. Akakaa sana. Kisha akauliza ni nani aliyemwosha mama yake. Nikamwambia ni mimi, na wanawake wawili wa mjini.



"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Hapana. Tuliyapasha moto kwanza."

Akasogeza bakuli lake. Nikamtilia uji.