Maduhu, Nilisema Wewe ni wa Kusimama Tu

Ndugu yangu Maduhu,

Sijui huko mliko barua zinasomwa au zinasikika tu. Wewe hukupenda kusoma, nami niliishia kidato cha pili, kwa hiyo tutaelewana. Ningekuja kaburini nikueleze kwa mdomo, lakini kila nikikaribia pale miguu inapata safari nyingine. Siku hizi sikai, Maduhu. Nikiketi kijiweni dakika tano nimeshainuka. Nikiinuka nataka kwenda Kahama. Nikifika Kahama sijui nilifuata nini.

Habari za hapa Kagongwa. Uwanja wetu wa kikapu pale sekondari umemwagwa saruji upya, na lile shimo chini ya goli, ambalo wewe peke yako ulijua mpira ukiangukia humo utaruka kwenda wapi, limezibwa. Kulwa, yule aliyemaliza chuo kikuu, mwalimu wa hesabu, anaendesha bodaboda. Ndiye bodaboda pekee mkoani anayekokotoa mwendo kasi kichwani. Wengine wamekimbilia Nkome kuanika dagaa. Waliobaki wanashinda wameinamia simu, wanajaza mikeka ya kubeti. Kila mtu ana mpango. Ukimuuliza mpango gani, anatazama pembeni.

Mimi bado ni bora, hilo lisikutie shaka. Nimecheza Mwanza, nimekaa Dar siku nne nzima, mkono kama wangu sijauona. Ila tangu uondoke sifungi. Mwanzoni nilisema ringi imepinda. Baadaye nikasema ni viatu. Halafu Mwalimu, yule kocha wa kampuni iliyonichukua, akaniita akanionyesha kwenye simu yake mechi yetu ya mwaka jana na vijana wa Isaka. Nilidhani ananisifu. Akaniambia, "Usijitazame wewe. Mtazame aliye jirani yako."

Nikatazama. Kila kikapu ninachofunga, pembeni yupo mtu amesimama, mikono kifuani, hatikisiki. Anayenikaba anakuja mbio, anamgonga huyo mtu, anabakia hapo hapo anashika mbavu. Mimi naruka peke yangu kama niko uani kwetu. Mtu huyo ni wewe. Miaka yote ile mimi nilijua nina kasi.

Sasa nikuambie kilichonileta.

Unaikumbuka siku Mwalimu alipokuja kututazama. Ile kampuni ya kandarasi upande wa Bulyanhulu ilitaka wachezaji wawili, na kila kijana hapa alijua maana yake: ukivaa jezi yao unapata mkataba wa miezi mitatu mitatu, kofia ngumu, na mama yako anaacha kuulizwa unafanya nini. Mimi nikachaguliwa wa kwanza. Wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji bombani. Mwalimu akaniuliza mbele ya watu, "Na yule mrefu, mwenzio, anafaa?"

Nilijibu kuchekesha watu. Nilisema, "Huyo ni wa kusimama tu, Mwalimu. Mweke getini, mlinzi apumzike."

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akamchukua kijana wa Kahama anayejua kudundadunda mpira. Wewe ukarudi na maji, ukanipa mimi ninywe kwanza.

Sikukusudia. Nilidhani nafasi yako ni kama jiwe, mzaha hauwezi kulisogeza. Jioni uliponiuliza, "Amesemaje kuhusu mimi?" nikakuambia atakupigia. Hapo sikuwa natania tena, hapo nilidanganya. Ukakaa na simu wiki mbili, unaichaji hata ikiwa imejaa. Mpunga ulikuwa bado mchanga, nyumbani hakuna cha kufanya. Ukasema mtu hawezi kungoja simu mpaka aote ndevu, ukaenda kuchimba dhahabu kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo. Mvua ikanyesha siku tatu. Kifusi kikashuka na wewe uko chini.

Msibani mama yako alinishika mkono akawaambia watu, "Huyu Limbu ndiye aliyemhangaikia mwanangu kazi." Na mimi, mdomo wote huu unaoujua, nikanyamaza. Tangu siku hiyo nikipita kwake ananiwekea michembe ya viazi na karanga. Nakula. Inashuka kama mchanga.

Mwezi uliopita mkataba wangu uliisha, hawakuniongezea. Asiyefunga anapewa asante na cheti. Nikarudi nyumbani, vijana wa kijiweni wakaanza kuniita mstaafu. Mama yako aliposikia akatuma ujumbe: "Mwambieni Limbu asione aibu, aje ale." Huo ujumbe ndio ulionimaliza. Laiti angetuma matusi.

Juzi nikaenda. Nilimkuta jarubani, peke yake, anavuna mpunga kwa mundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuanzia, ya kuchekesha kidogo. Hayakuja. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, mpaka lile la geti na mlinzi, mpaka simu uliyoingoja. Yeye alikuwa anaendelea kukata. Alikata mpaka mwisho wa mstari ndipo akanyoosha mgongo.

"Walicheka?"

"Walicheka, mama."

"Na yeye alisikia?"

"Hakusikia. Alikwenda kuchota maji."

Akafunga mganda, akaufungua, akaufunga tena. "Sijui nikuambie nini, Limbu. Leo nenda."

Nikaenda. Nilikuwa nimeshapanda tuta aliponiita, bila kugeuka. "Kesho uje na mundu wako. Kipande alichopanda Maduhu hakijavunwa."

Jana nikaenda. Wewe unanijua, nilijisifia hata mundu kabla sijaushika vizuri. Alimaliza mistari miwili mimi nahangaika na wa kwanza. Kutwa nzima alinisemesha mara moja tu: "Wewe, bhebhe, kata chini." Mikono imetoka malengelenge, hii barua naiandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Ulipanda vizuri, Maduhu, mistari imenyooka. Sikujua una jicho hilo. Sikuwahi kuuliza.

Mpunga ukiisha nitakwenda Bulyanhulu kumwambia Mwalimu nilikusema vibaya na kazi yako ilikuwa ipi. Haitakurudisha, najua, na mimi hawatanichukua. Kijana wa Kahama anafunga sana. Lakini nataka aisikie kwangu, na nataka wale waliocheka wawepo. Baada ya hapo sijui. Labda Nkome, labda nibaki. Umri unakwenda na mimi bado ni mtu wa kesho kesho.

Naishia hapa, jua limeshatoka na mama yako hangoji mtu. Pumzika, ndugu yangu. Nami nakuahidi hili: siku mama yako akinisamehe, sitajisifu. Na asiponisamehe, nitavuna.

Wako,
Limbu