Feni Isiyozunguka

Lanuola, wameniita mwizi.

Ule mkeka laini wa thamani wa harusi ya Sieni ulitoweka sandukuni Jumanne. Leo shangazi kanionyesha video ya siku hiyo kutoka kamera ya binamu Neueli, ile yenye programu aliyojiandikia mwenyewe. Niko kando ya sanduku, nimeinama.

Akafoka, "Masaa mawili hujatikisika! Ulikuwa unasali au unalinda mali yako, mama mchungaji?"

Masaa mawili, Lanuola! Sala yetu ya jioni ni dakika kumi. Halafu nikaona feni nyuma yangu haizunguki, ilhali huwa hatuizimi.

Nikamwomba Neueli apunge mkono mbele ya kamera. Kwenye skrini bado ni mimi, nimeinama.

Akasema programu inapokea picha lakini hairudishi nafasi iliyoihifadhi ili kamera iweke picha nyingine. Nafasi zikiisha, picha ya mwisho inaganda. Ndiyo maana hakuna aliyegundua mapema: waliotazama skrini walidhani nasali tu.

Shangazi akamuuliza, "Umejua lini kwamba imeganda?"

"Jumatatu, mama." Kisha haraka, "Yaani, leo."

Jumatatu. Alisema Jumatatu, nimesikia vizuri. Siku moja kabla ya mkeka kutoweka, alijua kamera haioni. Na nilipokuwa naitwa mwizi, alikuwa amesimama pale pale, kimya.