Tandala wa Hitima

Baba Nasra,

Wali uko kwenye sufuria. Mkate chukua pale spaza, kile kiduka cha jirani. Umeme wanakata saa nane, usifungue friza ovyo.

Begi lako la porini usilitafute, liko nyuma ya mlango. Nimelipanga mwenyewe: hema, blanketi, na nyama yote iliyobaki ya yule tandala. Chakula kingine sikuweka. Huko milimani Limpopo utakula hiyohiyo.

Asubuhi mwenzako wa mawindo, Adamu, alipitia kamba zake. Akanisimulia huku anacheka, akidhani najua: bosi wenu wa Midrand alimpiga tandala risasi jioni, mnyama akatokomea korongoni, mkamkuta kesho yake keshakufa. Mimi uliniambia umemwelekeza kibla ukamchinja kwa kisu changu. Nikampika pilau, kwenye hitima ya mama yangu. Watu wakamwombea mama wakiwa na nyamafu tumboni.

~~Buti zako nimezitupa.~~ Buti nimezivaa mimi. Zinanipwaya, lakini zinatembea.

Bosi anakupitia saa kumi na moja. Saa kumi wanakuja Bi Zabibu na wenzake wote waliokula pilau. Sijawaambia kitu, nimesema tu una neno nao kuhusu ile nyama. Mkeka nimetandika, chai iko kwenye chupa. Usiwape vikombe vyenye ufa.

Nasra niko naye kwa Fauzia. Usipige simu.

Kisu kiko juu ya karatasi hii. Bado kikali, maana hakikufanya kazi.

Mimi, binti wa marehemu